Mwaka Michikichi Ilipozaa Madume

Mjomba alinipigia simu akiwa kilimani, mahali pekee pa Mwamgongo ambapo mtandao haukatiki katikati ya salamu. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu yake kama mtu anayepuliza moto.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sikiliza, salio ni dogo. Njoo uiage michikichi ya bibi yako. Nimeshapatana na mtu mwenye msumeno wa mashine."

"Unaikata? Kwa nini?"

"Imezeeka. Inatoa madume matupu."

"Tangu lini? Yote? Hata ile ya upande wa..."

"Umeanza," alisema. "Maswali yapakie kwenye boti, uje nayo huku." Simu ikakatika.

Labda wewe hukukulia kwenye michikichi, basi ngoja nikuambie dume ni nini. Mchikichi mmoja hutoa maua ya aina mbili, kwa zamu. Likija jike, baada ya miezi utapata mkungu wa chikichi, nyekundu na nyeusi, wenye miiba ya kukuchana vidole. Likija dume, utapata kitu kama mkono wenye vidole vingi vya rangi ya majivu, vinavyonukia utamu fulani kama chai ya viungo iliyopoa, na vijidudu vinavizunguka kwa furaha. Vijidudu hufurahi peke yao. Hakuna tunda, hakuna mafuta. Kwa kawaida majike na madume hupishana na watu hawajali. Lakini mti ukitoa madume mfululizo, nyumba itakula mboga chukuchuku, bila tone la mafuta.

Mara ya mwisho kusikia neno hilo likisemwa kwa sauti ile ya mjomba, nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na neno hilo lilivunja nyumba mbili. Ndiyo maana nilikwenda.

Boti iliondoka Kibirizi asubuhi, ikiwa imejaa kuliko inavyopaswa, kama kawaida yake. Wachukuzi walikuwa wakipita na magunia ya dagaa mabegani wakipiga kelele za "Njia! Njia!" na harufu ya dagaa ilitusindikiza mpaka tulipozipita nyumba za mwisho. Kisha ikaja milima ya Gombe, ya kijani hadi majini, halafu ghafla msitu ukaisha na mashamba yakaanza. Hapo ndipo moyo wangu hujua tumekaribia.

Nilipanda moja kwa moja hadi kwenye kishamba cha bibi, hata kabla ya kunywa maji. Michikichi ilikuwa imesimama mteremkoni vile vile, mirefu, kimya, makuti yakisuguana juu kwa sauti ya mvua ya uongo. Nikaitazama kama nilivyofundishwa kutazama mti, kuanzia chini kwenda juu. Na hapo nikaona kitu ambacho miaka yote ya utoto sikukiona.

Ilikuwa na kiuno. Juu kidogo ya nusu ya shina, kila mti wa mteremko ule ulikuwa umebanwa, kama mwanamke aliyefunga kanga kwa nguvu kabla ya kazi. Chini ya hapo shina nene, juu ya hapo shina nene tena, na katikati mbano. Nikateremka mbio hadi bondeni, kwenye michikichi ya jirani. Ile ilikuwa imenyooka kama nguzo za umeme. Haikuwa na kiuno hata kimoja.

Nilikaa chini palepale kwenye majani. Nilikuwa nimelijua jibu darasani, lakini sikuwa nimewahi kulishika kwa macho.

Turudi nyuma kidogo.

Bibi yangu alizaliwa Ujiji na kuolewa Mwamgongo, na hakuacha kutukumbusha kwamba yeye ni mtu wa mjini. Alivaa kanga mbili hata akienda shamba. Mama yangu aliniacha kwake nikiwa mdogo kwa sababu ya kazi, na mimi nikajaza nyumba ile maswali. Kwa nini ziwa halina chumvi na machozi yana chumvi? Kwa nini samaki kama migebuka hulala macho wazi? Bibi alijibu alipojisikia, na asipojisikia alinituma kuni.

Jirani yake alikuwa mjane, amezaliwa Kagunga, kule mpakani, na Kiswahili chake kilitembea polepole kikiwa kimeshikana mkono na Kiha. Alikuwa na michikichi michache bondeni, kando ya kijito, na bibi alikuwa na mingi mteremkoni. Kati ya viwanja viwili palikuwa na jiwe la mpaka ambalo hakuna aliyelijali, kwa sababu wote wawili walilitumia kuanikia nguo. Yeye ndiye aliyenipa jina la Hakimu. "Mwakeye, Hakimu!" alikuwa akiniamkia asubuhi kutoka upande wake. "Leo unasikiliza kesi gani?"

Walikuwa na pipa moja la kuchemshia chikichi, la wote. Siku ya kukamua ilikuwa sikukuu isiyoandikwa popote. Mkweaji alikuwa amekwishapita na panga lake na kamba yake kiunoni, mikungu ikadondoka, puu, puu, na sisi watoto tukaokota chikichi zilizotawanyika huku tukila nyingine. Zikachemshwa kwa moto wa makapi ya mkamuo uliopita, moshi wake ukiwa na mafuta ndani yake, moshi unaokaa kwenye nywele siku nyingi. Kisha kinu. Bibi na jirani walitwanga kwa kupokezana, mchi ukishuka wa huyu ukipanda wa yule, na ukikosea mdundo unataniwa hadi jioni. Sisi kazi yetu ilikuwa kuchambua mise, zile kokwa ngumu za ndani, tuzianike na kuzipasua juu ya jiwe siku nyingine. Nimepasua vidole vyangu mara nyingi kuliko mise.

Mafuta yakianza kuelea, mekundu kama jua la jioni, bibi aliacha kila kitu. Alichukua kikombe cha bati chenye ua la bluu, akakijaza yale ya juu kabisa, na kuyapeleka kwa jirani, hata kama jirani amesimama palepale amejaa jasho. Alivuka jiwe la mpaka, akaingia jikoni kwake, akakiweka. Jirani naye akikamua zake, alifanya vivyo hivyo kwa kikombe chake, pacha wa kile. "Mafuta ya kwanza hayalali nyumba iliyoyakamua," bibi alisema. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Ili nyumba isijione."

Na kulikuwa na nusu ya pili ya desturi hiyo, ambayo pengine kwenu pia ipo: chombo hakirudi kitupu. Kikombe kilipoletwa na mafuta, kilirudi na kitu. Chumvi, maharage, ndimu mbili, konzi ya dagaa, chochote. Ukirudisha chombo kitupu umesema neno ambalo halina haja ya mdomo.

Siku moja ya kukamua, mwaka ambao mteremko wetu ulizaa kupita kiasi, jirani aliegemea mchi, akatazama rundo la mikungu na kucheka. "Jirani, hii yako inazaa kama panya. Itachoka hii!"

"Wacha ichoke," bibi alisema, "na mimi nimechoka." Wakacheka wote. Nakumbuka nilicheka pia. Shika maneno hayo, maana yatarudi.

Baadaye ndipo jua likaja. Sikuwa na umri wa kupima ukame. Nakumbuka tu mambo yanayomgusa mtoto. Mvua za mwanzo hazikufika, na zilizofuata zilikuja kama mgeni asiyevua viatu. Vumbi la mteremko lilikuwa jembamba kama unga. Mihogo ilichimbuliwa ikiwa myembamba kama vidole vya kuku. Makuti ya michikichi yetu mapya hayakufunguka. Yalisimama katikati ya mti yamefumbwa, kama mwavuli ambao mwenyewe haamini kama kuna sababu ya kuufungua.

Na chini yetu, siku nzima, ziwa. Maji mengi kiasi kwamba ng'ambo ya Kongo huioni isipokuwa hewa ikisafishwa na mvua. Hili lilinikera. Nikamuuliza bibi, inawezekanaje mti ufe kiu na Tanganyika iko pale, unaiona?

"Mti hauna ndoo," bibi alijibu.

Lakini sikiliza ajabu yake. Mwaka ule wa jua, michikichi ilizaa. Mikungu midogo kidogo, lakini ilizaa, na mwaka uliofuata pia ikazaa, na mvua zilikuwa zimerudi, nzuri, za kulowesha hadi mifupani. Mahindi yalisimama. Watu walisema tumepona. Jua likasahaulika kama homa inavyosahaulika.

Na hapo, katikati ya kijani chote kile, mkweaji alishuka kutoka mti wa kwanza akiwa na panga kavu.

"Madume matupu, mama," alimwambia bibi.

"Panda huo mwingine."

Akapanda, akashuka. Akapanda mwingine. Bibi alisimama chini, amefunga mikono, shingo imegeukia juu. Kila mti ulikuwa na vidole vyake vya majivu na vijidudu vyake vya furaha. Na upepo ulipovuma kutoka bondeni ulituletea harufu ya chikichi mbivu, kwa sababu michikichi ya jirani, hatua chache tu kutoka hapo, ilikuwa imebeba mikungu hadi makuti yanalalamika.

Sitaki kuwacheka watu wa kijiji changu. Jiweke mahali pao. Mvua ile ile, udongo unaodhani ni ule ule, upande huu madume, upande ule mikungu. Ungewaza nini? Mtu hutafuta sababu karibu na pale inapomuuma, si miaka miwili nyuma. Na sababu ya karibu ilikuwepo: mtu aliwahi kusikia maneno ya mchi. Itachoka hii. Minong'ono ilianza ufukweni, walikokuwa wanawake wakisubiri mitumbwi.

"Si alisema mwenyewe? Alisema itachoka."

"Ameifunga. Uzazi wa mti wa mwenzie ameuhamishia kwake."

"Na anacheka naye kila siku!"

"Ndio wabaya hao wanaocheka."

Nilisimama pale na ndoo yangu nikauliza, "Anaufungaje? Kwa kamba?" Wakanifukuza. Nilipofika nyumbani nikamwuliza bibi swali lile lile. Nilitarajia aseme upuuzi mtupu, au aniambie nikachukue kuni. Bibi aliendelea kuchambua mchicha.

Siku jirani alipokamua, alitwanga peke yake. Mdundo wa mchi mmoja ni sauti ya upweke sana. Hata mtoto huisikia. Alasiri akavuka jiwe na kikombe cha bati chenye ua la bluu, kimejaa hadi ukingoni, akitembea taratibu asimwage. "Jirani, mafuta ya kwanza," alisema mlangoni.

Bibi alipokea. Akasema asante. Akamimina mafuta kwenye chupa yetu, ile chupa nene ya juisi aliyokuja nayo kutoka Ujiji, akaosha kikombe, akakifuta kwa kanga, akanipa mimi. "Mrudishie mwenyewe."

Niliangalia ndani. "Na nini, bibi?"

"Mrudishie kikombe chake."

Nilivuka jiwe. Kikombe kilikuwa chepesi mno, nadhani ndicho kitu chepesi kuliko vyote nilivyowahi kubeba. Jirani alikipokea kwa mikono miwili kama ilivyo adabu, akatazama ndani, halafu akanitazama mimi, si kwa hasira. Kwa kutafuta. Kama mtu anayedhani labda kitu kimedondoka njiani.

"Hakimu," aliniuliza, "bibi yako mzima?"

"Mzima."

"Ego," alisema. Ndiyo. Akaingia ndani.

Baada ya hapo ufukwe haukununua tena mafuta yake. Mtu alikuwa akifika, anauliza bei, anaambiwa na mwenzake neno sikioni, anaondoka. Alikaa na madumu yake juani. Alikuja kwetu mara moja, jioni, akasimama kwenye jiwe la mpaka bila kulivuka. "Jirani, kama kuna neno, litamke. Mimi nitajibu."

"Sina neno," bibi alisema.

"Basi watu wanasema kwa mdomo wa nani?"

"Watu wana midomo yao."

Kabla mwezi haujaisha alipakia vitu vyake kwenye boti ya kwenda Kagunga, kwa kaka yake. Shamba akamwachia mtu wa ukoo wa mumewe. Pipa la wote liliachwa kwetu.

Kisha, misimu michache ya mvua baadaye, michikichi yetu ikarudi. Hakuna aliyeifungua, hakuna mganga aliyepita. Mkweaji alipanda, tukasikia panga, na mkungu ukadondoka, puu. Bibi alikaa chini. Tulikamua, mimi nikishika mchi wa pili na kukosea mdundo, na hakuna aliyenitania. Mafuta yalipoelea, bibi aliinuka kwa mazoea, akachukua kata, akayachota ya juu kabisa, na akabaki amesimama uani, kata mkononi, akitazama upande wa jiwe.

Aliyajaza kwenye chupa ile nene, akafunga kwa ganda la mgomba, akampa nahodha wa boti ya Kagunga. Hakutuma salamu ya mdomo. Nadhani alifikiri salamu iko ndani ya chupa. Siku boti iliporudi alikuwa ufukweni kabla yangu, na kanga zake mbili. Nahodha alimpa chupa. Ilikuwa imeoshwa, inang'aa. Ilikuwa tupu.

Bibi aliiweka dirishani. Haikutumika tena kwa kitu chochote hadi alipofariki, nami nikiwa sekondari.

Chuoni nilisomea misitu. Ukweli ni kwamba nilisomea kwa sababu ya hasira. Nilitaka mtu mmoja anijibu bila kunituma kuni. Siku moja mhadhiri alitufundisha jinsi miti inavyoandika ukame: unakata shina, unaona duara kwa duara, mwaka mbaya duara jembamba, kisha maduara yanapanuka tena taratibu, mti ukipona. Nikanyoosha mkono. Na mti usio na duara? Mchikichi?

Alitabasamu, nadhani alifurahi kuyapumzisha maandishi yake. Alisema mchikichi haunenepi. Unene wa shina hupangwa juu kabisa, kwenye moyo wa mti, kisha mti unapanda na kuuacha unene huo chini yake milele. Ukiwa na kiu wakati wa kupanga, unajenga shina jembamba, na halitanenepa kamwe. Na maua, alisema, huanza kuumbwa ndani kabisa, gizani, karibu miaka miwili kabla mkungu haujaonekana na mtu. Mti wenye kiu huelekea kuumba madume, maana tunda ni ghali. Kwa hiyo unayoyaona leo ni ya jua la mwaka ule. Mvua ya leo utaikuta mbele.

Darasa likaendelea. Mimi nilibaki kwenye ua wa bibi. Mteremko, unaokauka haraka. Bonde, lenye kijito. Miaka miwili. Nikaandika pembeni mwa daftari neno moja, "jua", nikalipigia mstari hadi karatasi ikatoboka.

Lakini mimi ni mtu wa kutilia shaka hata jibu ninalolipenda, hasa ninalolipenda. Sikuwa na kipimo cha mvua za utoto wangu. Labda kulikuwa na ugonjwa. Labda kumbukumbu yangu ilikuwa imesogeza miaka ili ilingane. Ndiyo maana siku ile, nilipokiona kile kiuno mteremkoni na kukikosa bondeni, nilikaa chini. Shina lilikuwa limetunza shahidi wake juu kule. Tulipokuwa watoto kilikuwa kimefichwa na vikonyo vya makuti ya zamani; ilibidi mti ukue, vikonyo vidondoke, ndipo kionekane.

Nilimkuta mjomba akinoa panga. Nikamwuliza mvua za mwaka juzi zilikuwaje.

"Mwaka juzi? Usinikumbushe. Tulikula vumbi."

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akasema, "Na kama unakosea?"

"Basi utakata mwakani. Msumeno hauozi."

"Na nikila chukuchuku mwaka mzima?"

"Utanilaani."

"Kwa jina na ukoo," alisema. Alitazama juu kwenye mteremko muda mrefu. Alisema atasubiri hadi masika mengine, si zaidi, na kwamba atamwambia mwenye msumeno kuwa mimi ndiye niliyemharibia kazi. Na nikubali jambo moja: huenda mjomba yuko sahihi pia. Michikichi ile ni mizee kweli, na mkweaji wa sasa anaogopa urefu wake. Mti unaweza kuwa mzee na kuwa na kiu kwa pamoja.

Licha ya maneno ya mjomba, mikungu michache ya majike ilikuwepo, midogo. Tulikamua, mimi na mke wa mjomba, kwa kinu kile kile. Chupa nene ilikuwa bado dirishani. Mke wa mjomba aliniambia huipangusa kila wiki na hajui ni ya nini. Niliijaza mafuta ya kwanza. Hayakubaki ya pili ya kutosha kukaanga kitunguu. Kesho yake nikapanda boti ya kwenda Kagunga.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba ya kaka yake, akichambua maharage kwa vidole, maana macho yake yameingia ukungu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sauti ya nani hiyo?"

"Mjukuu wa jirani yako. Wa Mwamgongo."

Vidole vilisimama. Maharage kadhaa yakadondoka kwenye ungo.

"Hakimu?"

"Ndiye mimi."

"Eh! Hakimu amekuwa mtu mzima. Umeolewa?"

"Bado."

"Nani ataoa maswali," alisema, akacheka, na ule ukawa mcheko ule ule wa kwenye mchi.

Niliweka chupa mikononi mwake. Aliishika, akaipapasa shingo na kitako, akaijua. Kisha nikamweleza yote, shina na maua na jua na kijito, kwa Kiswahili nilichokuwa nimekitayarisha njia nzima. Aliniacha nimalize.

"Kwa hiyo ni jua."

"Ni jua, bibi. Jua la miaka miwili nyuma."

"Si mimi."

"Si wewe."

"Hilo nililijua tangu siku ile," alisema. "Mimi si ndiye niliyekuwa ndani ya ngozi yangu?" Akaisimamisha chupa kwenye mkeka. "Niambie hili jingine, wewe uliyesoma. Bibi yako aliamini?"

Hapo elimu yangu iliishia. Ninajua kwa nini mti ulitoa dume. Sijui kwa nini mwanamke aliyetwanga na mwenzake miaka yote ile alifuta kikombe kwa kanga na kukirudisha kitupu. Labda aliamini. Labda aliogopa watu. Labda aliona aibu kupokea bila kuwa na cha kutoa, na aibu ikavaa nguo za hasira. Kiuno cha jambo hili hakipo kwenye shina lolote nikaende kukitazama.

"Sijui," nikasema. "Hakusema kamwe. Chupa aliiweka dirishani hadi alipokufa."

"Tupu?"

"Tupu."

Alishika ile chupa muda. "Niliijaza maharage," alisema. "Siku ile. Nikayamwaga. Nikayajaza tena. Nahodha akaanza kupiga kelele, mama, boti inaondoka, leta hicho kitu. Nikayamwaga."

Alimwita mtoto wa nyumbani alete sufuria, akamimina mafuta, akaagiza chupa ioshwe. Kisha akaanza kuijaza maharage kutoka kwenye ungo, punje kwa punje kupitia ile shingo nyembamba, akikataa msaada wangu. Ilichukua muda mrefu. Alipofika juu, akanipa.

"Hii si ya bibi yako," alisema. "Yule tutamalizana huko. Hii ni yako, kwa sababu umekuja na chombo."

Nilirudi Mwamgongo na chupa mapajani, inachezacheza kila wimbi likipiga boti. Sasa chikichi nyingi hupelekwa kwenye mashine, mafuta yanatoka yamechanganyika ya nyumba kumi, na hakuna ajuaye yapi yalikuwa ya kwanza. Pipa la wote limetoboka, kuku wanatagia ndani. Jiwe la mpaka liko ndani ya msingi wa nyumba ya mtu. Watoto hawapasui mise. Vidole vyao ni vizima. Sijui kama nasikitika. Ninachokitaka kirudi hasa ni mdundo wa michi miwili, na huo ulikoma kabla mashine hazijafika, kwa hiyo mashine siwezi kuzilaumu.

Mke wa mjomba alipokea chupa, akaitikisa. "Maharage mazuri haya. Tuyapike?"

Tuliyapika jioni ile ile. Mjomba alionja, akatazama sahani, akanitazama mimi. Yalikuwa chukuchuku, maana mafuta yote nilikuwa nimeyapeleka Kagunga.